Kucha Ndani ya Maji

Mwaka wa sabini na moja, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki Ruponda na shida ikaanza. Sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba, basi mama akafunga vyombo, tukahamia kwa kaka yake kule Mbwemkuru. Nikaacha shule darasa la pili, sikurudi tena. Kazi yangu ikawa maji. Jua lile lilikuwa kali, mto umebaki mchanga mtupu, na hadi leo nikisikia harufu ya mchanga mbichi uliofukuliwa, magoti yananiuma. Tulichimba kwa kifuu cha nazi mpaka mkono unazama begani. Maji yalikuja polepole, yamechafuka, mama anayatupa ya kwanza, kisha tunakaa kungoja yatulie. Kukaa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Jua linakupiga kisogoni, koo limekauka, maji yako mbele yako na huruhusiwi kuyagusa. Nikisogea napigwa kofi la mkono. Mwishowe mama anasema, "Tia mkono. Unaziona kucha zako?" Nikiziona, nakunywa.

Siku moja shimo lilitoa maji mapema, yakatulia, kucha nikaziona zote. Nikainamisha kifuu. Mama akaninyang'anya. Alikuwa amenusa kitu. Akachokoa chini kwa kijiti, akamtoa kenge aliyeoza, halafu akaanza kulifukia lile shimo. Nililia sana, kwa sababu asubuhi nzima ilikuwa imekwenda na ndoo ni tupu. Mama hakunibembeleza. "Hili limeoza chini," akasema. "Tunachimba pengine."

Lile la kungoja nililishika maisha yangu yote. Nilipokua nilirudi Ruponda, nikapalilia mikorosho ya watu hadi nikapata ya kwangu, na hakuna aliyenisukuma hata hatua moja. La kenge nilikuwa nimelisahau.

Uzeeni figo zilipokufa, madaktari wakanitia bomba tumboni. Maji ya dawa yanaingia kwa mpira, yanakaa humo saa kadhaa, halafu yanatoka na uchafu wa mwili kwenye mfuko. Nilifanya mwenyewe nyumbani, Somoe, mke wangu, akinishikia mfuko. Nililipenda lile bomba, sikufichi. Wenzangu wa mashine ya kusafisha damu walilazimika kuhamia mjini, mimi liliniacha niishi kwenye mikorosho yangu. Nesi alinionya kwamba maji yakitoka na ukungu niende hospitali siku hiyohiyo. Weka gazeti nyuma ya mfuko, akasema, maandishi yakisomeka uko salama. Mimi na maandishi hatujuani sana. Nikawa naweka mkono.

Mwaka jana yakatoka na ukungu. Masanja, jirani yangu Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake, alikuwa ameleta maziwa. Akautazama ule mfuko akauliza, "Mzee, umeanza kuoshea mchele tumboni?" Nikamwambia yeye amezaliwa ziwa zima likiwa mlangoni, maji ya kungojea atayajulia wapi. Akacheka, lakini akaondoka akigeuka nyuma. Mfuko nikautundika kwenye msumari. Ilipofika adhuhuri uchafu ulikuwa umeshuka chini, juu peupe, kucha nikaziona. Somoe akasema twende hospitali. Nikamjibu yametulia. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa, mpaka tumbo likakaza kama ngoma na homa ikanichukua akili.

Hospitali waliniwekea dawa humohumo tumboni. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikayasafisha maji, tukarudi nyumbani, na kabla korosho hazijaanza kudondoka ukungu ulikuwa umerudi. Wakabadilisha tena. Nilichoka uchovu ambao mtu mwenye afya sijui nimwelezeje: hata kumfukuza nzi usoni niliona ni kazi ya kumwachia Somoe. Ndipo daktari, kijana wa rika la kitindamimba wangu, akaja kukaa kwenye kitanda changu.

"Babu," akasema, "mdudu amejijenga kwenye bomba lenyewe. Dawa inaua walio kwenye maji, walioshika ukuta wanabaki. Tukiliacha, utakufa nalo."

Somoe alinitazama akisubiri nibishe, maana ananijua. Nami nilikuwa na maneno tayari, kwamba bomba likitoka nyumba yangu nayo imekwenda. Ikanijia ile harufu, ya mchanga na ya kenge.

"Lifukie," nikasema.

Daktari hakuelewa. Somoe akamwambia, "Amekubali. Litoe."

Niliuliza kama baadaye watachimba pengine. Walipopima, wakakuta tumbo limeshikana ndani kwa ndani, bomba jingine halina pa kukaa. Mama alikuwa na mto mzima wa kuchimba. Mimi nina tumbo moja.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Ruponda, imefungwa kufuli. Shamba la mikorosho, anapulizia dawa mtu mwingine. Mbuzi, wako kwa Masanja. Godoro na redio kwenye chumba tulichopanga mimi na Somoe mjini, karibu na mashine. Makovu mawili tumboni. Na kisima cha pampu nilichochimbisha kwa jasho langu, maji yake hayangojewi, ukitia mkono unaona kucha mpaka mistari ya vidole. Wanakunywa ng'ombe wa Masanja. Mimi mkojo hautoki tena, kwa hiyo maji napimiwa kwa kikombe, na Somoe ndiye anayenipiga kofi la mkono.