Kiptanui na Mchezo Mpya wa Wabwile

Kiptanui alikuwa fundi wa viatu pale Matisi, Kitale, na angeweza kushona soli kutwa nzima bila kumwambia mteja zaidi ya "kuja kesho jioni". Wengine walimdhania ana maringo. Hakuwa nayo, maneno yalimkwama tu, hasa mbele ya watu waliosoma, kwa kuwa yeye aliishia darasa la saba.

Ila Jumamosi alasiri alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya kibanda cha ushonaji cha Bilha, watu wanne walikutana kucheza mchezo ulioachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea, Mholanzi, alipofunga virago mwaka wa 1986. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji alijibunia mtu wake: mpiga mishale, mganga, mwizi wa farasi. Msimulizi aliwaeleza walipo na kilicho mbele yao, wao wakasema watafanya nini, kisha dadu ikaamua kama wamefaulu au wameumia. Msimulizi alikuwa Kiptanui. Akishakaa kwenye kile kiti, majoka yalitoka mapangoni, mito ikafurika, na Kabura, muuza mitumba asiyeogopa hata askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, alishika shavu akingoja kusikia.

Mwaka wa 1995 mchwa wakala kitabu cha kanuni. Likabaki jalada na sehemu ya silaha. Walijaribu kuendelea kwa kukumbuka, lakini kila upanga ulipoinuliwa ilizuka kesi.

"Mkuki unatoboa ngao," Kabura alisema.

"Tangu lini?" Bilha akamuuliza. "Ama tangu ushike mkuki?"

Ndipo Wabwile, wa nne wao, akatoa habari. Alikuwa karani wa chama cha ushirika hapo Kitale, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwao Bungoma. Binamu yake alimletea kitabu cha mchezo mwingine kutoka ng'ambo.

"Kila kitu kimeandikwa, hata uchawi uko na mpango," alisema. "Kujeni nyumbani tujaribu. Tukiupenda tunauchukua."

"Si ukilete hapa?" Kiptanui akauliza.

"Fundi, hicho kitabu ni kizito kama jiwe la kusagia. Halafu mke wangu anataka kuona hawa watu wananikalisha Kitale kila Jumamosi."

Wenzake walicheka. Kiptanui hakucheka. Kitabu kilichovuka bahari kimeshindwaje kutoka Bungoma? Tena kitabu cha ng'ambo hakikosi Kiingereza kigumu. Nani angekisoma? Wabwile. Na anayekisoma ndiye atakayekaa kwenye kiti. Kiptanui alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo kinywa chake kilifunguka, na sasa alihisi mtu anapanyemelea.

Akaenda hata hivyo, maana kubaki kungekuwa kumwachia njia.

Nyumbani kwa Wabwile kitabu kilikuwa mezani, pamoja na dadu za rangi ambazo Kabura alizifakamia kwa macho. Palikuwa pia na ukuta mdogo wa kadibodi.

"Msimulizi anakaa nyuma ya huu," Wabwile akaeleza. "Anaficha mambo yake hapo."

Kuficha nini, Kiptanui akawaza. Na nyuma ya ule ukuta kiti kilishawekwa, tena chenye mto. Wengine walikuwa na viti vya mbao vitupu.

Kabla ya kuanza, mkewe Wabwile, Nanyama, alileta ugali na kuku. Sahani kubwa akaiweka katikati. Kisha akaweka bakuli dogo mbele ya Kiptanui peke yake, ndani yake firigisi.

Kiptanui aliitazama. Kwao mlimani, alikozaliwa, firigisi ilikuwa nyama kama nyingine. Kwa nini hii imetengwa, na kwa nini kwake? Tangu ile miaka ya vurugu, watu wake na watu wa Wabwile walipochomeana nyumba, hakuwahi kula katika boma la upande ule isipokuwa kwenye sahani ya wote. Akalisukuma bakuli.

"Kula wewe, mwenye nyumba."

Wabwile alimkazia macho. "Una hakika, Fundi?"

"Kula."

Nanyama alikuwa anatoka, akasimama mlangoni. Wabwile akaila firigisi polepole, huku Kiptanui akimchungulia. Hakuanguka.

Walipokwisha kunawa, Wabwile aliizunguka meza akakaa kwenye kiti chenye mto. Ndiyo hiyo sasa, Kiptanui akajiambia. Akachukua kiti cha mbao na kujibunia mchunga mbuzi aliye bubu, asije akalazimika kusema neno.

Mchezo ukaanza kwa shida. Wabwile alisoma huku kidole kikifuata mstari. "Mko ndani ya... ngojeni. Ukuta wa kushoto uko na... hapana, ni wa kulia."

"Bana, huyu joka atakufa na uzee kabla tumfikie," Kabura alisema, akaweka dadu chini. "Kwani nani alisema Wabwile ndiye atasimulia?"

"Ni Fundi mwenyewe. Si alinipatia firigisi?"

"Firigisi imeingiaje?"

"Kwetu hiyo ni ya mkubwa wa meza," Wabwile akasema. "Nilimpa mbele yenu kwa sababu mchezo ni wake, mimi ningemsomea tu. Akanirudishia. Ningeichukua vingine, kama matusi, tungekosana hapa hapa."

Kiptanui akamgeukia Bilha, ambaye kwao ni Webuye, upande wa kina Wabwile, na mila hiyo aliijua.

"Mimi nilidhani umechoka kusimulia," Bilha alisema.

Kiptanui hakuweza kuwaambia alichokihofia katika lile bakuli, na Nanyama yuko karibu anapangusa sahani. Hapakuwa na joka wa kujificha nyuma yake.

"Sikujua," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika, "Nakitaka kiti changu."

Wabwile aliinuka papo hapo. Aliinuka upesi mno, kiasi kwamba Kiptanui alisimama kando ya kiti akauinua mto na kutazama chini yake.

"Kaa, bana. Hakuna miiba."

"Na kitabu?"

"Nitakusomea kanuni, wewe usimulie. Ukiona mchezo hautufai tutafute mwingine."

"Tuchukue huu," Kabura akasema. "Hizi dadu zimenipenda."

Kiptanui aliomba dadu moja, ile kubwa kuliko zote. Akairusha, akairusha tena, aone kama imeelemea upande mmoja. Wenzake wakamngoja. Hatimaye akakaa, akausogeza ukuta wa kadibodi mpaka Wabwile asiweze kuchungulia, na koo likamfunguka.

"Taa yenu imezimika," alianza. "Kuna mkono umemshika Kabura begani, na si wa Bilha."

Kabura akageuka kutazama.