Madawati Yote Yalipanda: Kutoka Wema Kwenda Kufundisha Thailand

Safari hii niliianza kwa hasira, na sioni haya kusema. Kwa miaka kadhaa nilifundisha Kiingereza katika shule ya msingi karibu na kwetu Wema, kando ya mto Tana, nikiwa mwalimu wa bodi. Mwalimu wa bodi ni yule anayeajiriwa na wazazi kuziba pengo. Serikali ikileta mwalimu wake, yeye huambiwa asante na kuonyeshwa njia. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa asante mara nyingi. Pale kijijini nilikuwa Yunisi tu, binti wa Raheli. Walioniita Mwalimu ni wanafunzi, na wao hawakuwa na la kufanya.

Siku nilipopata nafasi ya kufundisha Kiingereza Thailand, kupitia rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, mama alikuwa uani akipepeta mpunga. Nilimweleza yote. Hakuinua macho.

"Hapa kwenu hujawa mwalimu," alisema, "unakwenda kuwa mwalimu kwa watu?"

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu husema anachokiona, basi. Lakini neno lile lilinichoma. Nikaapa moyoni kwamba nitakwenda, nitafundisha, na iko siku mama huyuhuyu ataniita Mwalimu kwa kinywa chake.

Garsen nilifika asubuhi, nikiwa na sanduku moja na vumbi la kutosha masanduku matatu. Halima, rafiki yangu Muorma anayeuza maziwa pale stendi, alikuwa ananisubiri na chupa ya samli aliyoifunga kwa kitambaa.

"Huko ng'ombe iko?" aliniuliza.

"Sijui, Halima. Nasikia iko nyati ya kufugwa. Wanalima nayo."

"Nyati inalima?" Alicheka hadi akashika mbavu. "Basi hiyo watu si mchezo! Wewe enda. Lakini usikae sana, utasahau sisi."

Basi la Mombasa lilipotoka Garsen nililia kidogo, kisha nikajifuta. Mombasa nikapanda treni, Nairobi nikapanda ndege, mara yangu ya kwanza. Ya ndege sitayasimulia sana, maana nilishikilia kiti tangu kupaa mpaka kutua.

Bangkok ilinipokea kwa joto ninalolijua, lile la kulowesha nguo mgongoni kabla hujafanya kazi yoyote. Gari la shule lilinichukua kuelekea kaskazini, na baada ya majengo kuisha ikaanza mipunga. Mipunga kulia, mipunga kushoto, mitaro ya maji kati. Ungeniambia nimerudi Idsowe, kwenye mashamba ya mpunga jirani na kwetu, ningeamini, ila barabara ilikuwa haina shimo hata moja. Nyati nilimwona mmoja tu, amelala zake matopeni, huku trekta ikilima. Nilimpiga picha nikamtumia Halima.

Shuleni nilipokelewa na mkuu wa idara ya Kiingereza, mama wa makamo anayeitwa Mali, mpole wa sauti na mkali wa macho. Siku ya kwanza mzazi mmoja alinisalimia kwa heshima, viganja pamoja, kisha akachungulia nyuma ya bega langu. Alikuwa anamtafuta mwalimu. Alitarajia Mzungu.

Bi Mali hakunificha. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za shule, viatu tumevivua kama ilivyo desturi yao, akaniambia kwa Kiingereza: "Wazazi wana wasiwasi. Muhula huu ni wa majaribio. Watoto wakizungumza, utabaki. Wasipozungumza, sitaweza kukutetea."

"Watazungumza," nilisema.

"Wewe mwenyewe Kiingereza ulijifunza wapi?"

"Darasani, kama hawa. Nyumbani ni Kipokomo, sokoni Kiswahili. Kiingereza kilikuja cha tatu."

Akanitazama kidogo. "Hilo usiwafiche watoto," akasema.

Hawakuzungumza. Wiki baada ya wiki, darasa langu la nne liliniamkia kwa sauti moja, kisha kimya. Nikimsimamisha mmoja, anatazama vidole vyake vya miguu. Waliogopa kukosea mbele ya wenzao, hofu ileile niliyoiacha Wema. Niliimba, nikachora, nikaruka kama chura. Walicheka kwa adabu. Kulikuwa na msichana anaitwa Nok, mbele kabisa, ambaye daftari lake halikuwa na kosa na sauti yake sikuwahi kuisikia. Jioni nilikuwa nakaanga wali kwa samli ya Halima na kujiambia kwamba Yunisi harudi nyumbani kuambiwa asante tena. Nilikuwa na hofu, kweli, lakini nilikuwa nimeshakataa.

Asubuhi moja, mvua haijanyesha siku nyingi, jua linawaka, niligeuka dirishani nikaona maji. Yalikuwa yanaingia shambani nyuma ya shule, yanatambaa haraka, yanameza udongo mkavu na kuja upande wetu.

Hapa lazima niwaeleze wasiotoka Tana. Kwetu mvua ikinyesha unaiona, unajipanga. Maji tunayoyaogopa ni yale yanayokuja jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha huko juu milimani, siku nyingi nyuma, na mto umebeba bila kumwambia mtu. Mtoto wa Wema akiona maji yanatembea chini ya anga safi, haulizi. Anabeba.

Nilibeba. "Juu!" nilipiga kelele kwa Kiingereza. "Vitabu kwanza! Kisha madawati! Wawili wawili! Shika! Inua!" Nilikuwa nimeshachukua dawati la kwanza kichwani na kuelekea ngazi za ghorofa ya pili. Watoto walinitazama kama mtu aliyepandwa na shetani. Halafu wakaja. Wakabeba vitabu, wakabeba viti, wakabeba ramani ya ukutani na chungu cha maua. Kwenye kona ya ngazi dawati lilikwama, na nyuma yangu nikasikia sauti nyembamba nisiyoijua, kwa Kiingereza:

"Ngoja, mwalimu! Ngoja! Zito! Geuza!"

Alikuwa Nok. Na wa nyuma yake akajibu, "Wewe geuza! Mimi nasukuma!" Hapo ngazi nzima ikawa inapiga kelele. Kiingereza kilikuwa kimevunjika kila mahali na hakuna aliyejali, maana dawati halisubiri mtu apange sentensi.

Dawati la mwisho lilipofika juu, Bi Mali alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa ghorofa, mkono mdomoni.

"Mwalimu Yunisi," alisema taratibu, "mjomba wake Nok amefungulia maji ya mpunga. Hufungulia kila msimu. Hayavuki tuta."

Nilitazama nje. Maji yalikuwa yamesimama kwenye tuta kwa utulivu wake, na mkulima mmoja anatupungia mkono. Shule nzima ilicheka. Walimu walicheka, mpishi alicheka, mlinzi wa geti akaja kuuliza kumetokea nini ili naye acheke. Aibu niliyoipata siku ile siwezi kuipima. Nilijua muhula wa majaribio umekwisha na mimi nimekwisha nao.

Lakini madawati yalikuwa juu, na hayawezi kushuka yenyewe. Nikapiga makofi. "Haya," nikasema kwa Kiingereza, "sasa tushuke. Nani anashika wapi? Niambieni ninyi." Wakaniambia. Waliniamuru, wakanigombeza, Nok akanifundisha mimi jinsi ya kupita kona.

Tangu siku hiyo sikufundisha tena watu waliokaa. Tulifagia kwa Kiingereza, tukapika wali kwa Kiingereza, tukaomba ruhusa tukaenda kupandikiza mpunga kwa yule mjomba, miguu matopeni, kila mtu anaomba mche kwa mwenzake. Kazi ya mpunga naijua tangu utotoni. Watoto waliona mwalimu wao anakosea Kithai kila siku na hafi, nao wakaacha kuogopa kufa kwa Kiingereza. Mzazi yule aliyechungulia bega langu alikuja siku moja kuchukua mtoto wake, akanitazama usoni.

Mwisho wa muhula Bi Mali alinikuta navaa viatu. "Muhula ujao utachukua na darasa la sita," alisema, akaenda zake. Nilikaa pale kwenye ngazi nikafunga kamba ya kiatu kimoja kwa muda mrefu sana.

Nimerudi Wema likizo. Walimu wa bodi wa hapa wananiuliza kama inafaa kwenda, na nawaambia inafaa, nendeni. Nimepata mshahara ambao haubembelezwi, nyumba, na wenzangu kutoka nchi ambazo nilizijua kwenye ramani tu. Lakini faida kubwa ni nyingine. Nimejua kwamba Kiingereza changu, kile cha kujifunza kwa taabu, kinatosha kumfundisha mtu mwingine mwenye taabu hiyohiyo. Hapa nyumbani hakuna aliyeniambia, na mimi mwenyewe sikujiambia. Nitarudi Thailand likizo ikiisha, kisha siku moja nitarudi hapa nibaki, na watoto wa Wema nitawafundisha wakiwa wamesimama.

Jioni niliyofika, majirani walijaa uani kwetu. Mama alikuwa ameshapika wali na samaki. Nikasimulia kisa cha madawati, tena kwa vituko vyote, dawati kichwani, chungu cha maua, Bi Mali na mkono mdomoni. Nilikuwa nimekihifadhi njia nzima ili niwachekeshe.

Hakuna aliyecheka.

Walikuwa wanasikiliza kama watu wanaosikiliza habari za msiba. Jirani mmoja akauliza kama ghorofa ilikuwa imara. Mwingine akataka kujua watoto wadogo walipandishwa na nani.

"Jua lilikuwa linawaka?" mama aliuliza.

"Linawaka, mama. Lakini yalikuwa maji ya kufunguliwa tu, ya shamba."

"Ungejuaje?" Aliweka mwiko chini. "Watoto wote walikuwa juu?"

"Wote."

"Na madawati?"

"Yote yalipanda. Halikubaki hata moja."

Mama aliwageukia wadogo zangu waliokuwa wamekalia mkeka wote.

"Sogeeni," aliwaambia. "Mpisheni Mwalimu akae."