Tairi la Nyuma

Leo asubuhi, nilipokwenda kwa muuza tairi wa hapa Likasi kununua moja la pikipiki yangu, niliinama nikanusa. Tairi jipya linanuka vikali, karibu kama mafuta ya taa. Muuzaji akacheka.

Nilikuwa mdogo siku baba alipoingia nami katika duka kama lile, kununua matairi mawili ya pikipiki yake. Alionyeshwa meusi yanayong'aa, bei ndogo. Nikanusa.

"Papa, inanukia sawa viatu yako ya misa."

Akapitisha leso, ikatoka nyeusi. Yalikuwa makuukuu, yamepakwa dawa ya viatu. Kwa pesa zilezile akanunua moja, jipya kweli.

"Weka nyuma," akamwambia fundi. "Ya mbele itangoja. Nyuma ndiyo mutoto anaikalaka."

Njia nzima ya kwenda ziwa la Tshangalele niliegemeza shavu mgongoni kwake. Koti lake lilikuwa na joto.

"Mama," muuzaji akaniuliza leo, "nyuma unabebaka nani?"

"Hakuna muntu."

"Basi mupya weka mbele. Nyuma ata ile ya zamani inatosha."

Nikalipia lile jipya. Nikamwomba alifunge nyuma.