Neno Alilopewa Tanyo

Stoyanka Mineva alikuwa na miaka sitini na minane na moyo ambao daktari hakuupenda. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo kazi yake ilikuwa kulinda lugha ambayo hakuna aliyewahi kuiongea na mtoto wake. Iliitwa Izvor. Wahandisi wanne wa mji wa Plovdiv waliibuni ili mashine ziamriwe kwa maneno ya Kibulgaria, na mpaka leo inaendesha pampu za maji, tanuri za mikate na mitambo ya kuchemshia waridi ili kupata mafuta yake. Watatu kati yao wameshazikwa, na wa nne yuko kwa bintiye mjini Burgas, hamkumbuki mtu. Akabaki Stoyanka na kabati lake la programu zilizoletwa ofisini.

Lugha ya namna hiyo ina maneno machache iliyojitengea, na anayeandika programu haruhusiwi kuyatumia kuita vitu vyake. Ukitenga neno jipya leo, programu ya zamani iliyolitumia kama jina la kawaida inakataliwa nzima, hata kama imefanya kazi miaka ishirini bila kikohozi. Stoyanka alilijua hilo kwa uchungu.

Mwaka 1996 alitenga neno "pumzika". Alilitangaza kwenye jarida la ofisi, akangoja miezi mitatu, na kwa kuwa hakuna aliyepinga akahesabu kuwa wote wamekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, naye mshindo ulimfika wiki ya kwanza ya Juni, kutoka kijiji kimoja karibu na Kazanlak. Huko mtu aitwaye Tanyo alikuwa akichemsha waridi la kijiji kizima, na majarida ya ofisi aliyatumia kufungia jibini. Muda wa kupoza mitungi alikuwa ameuita "pumzika". Alipotia disketi ya Izvor mpya, mashine iligoma. Waridi lililochumwa alfajiri halingoji kesho; magunia mia yalichacha uani, na akina mama waliolichuma wakasimama wakiyatazama.

"Dada, umenichukulia neno langu," Tanyo alimwambia kwenye simu. Hakupaza sauti, na hicho ndicho kilichomchoma Stoyanka.

"Nisamehe, kaka Tanyo. Weka 'subiri' mahali pake. Hilo halitaguswa, nakuahidi."

"Unaahidi kwa niaba ya nani? Ya serikali?"

"Yangu mwenyewe. Maadamu niko hai."

Tangu hapo, kila Juni kopo la jemu ya waridi lilifika kwa posta, bila barua. Miaka sita iliyopita halikufika, na Stoyanka alielewa.

Sasa, miezi miwili kabla hajastaafu, Lyuben, kijana mwenye akili aliyetarajiwa kurithi kiti chake, alisimama kikaoni na neno alilotaka kulitenga. Lilikuwa "subiri".

"Shangazi, pampu mbili zikivuta kwa pamoja bomba linapasuka. Lazima moja iambiwe isubiri," alisema. "Nimepekua programu elfu nne za kabatini. Hakuna hata moja iliyolitumia."

"Umepekua zilizoletwa. Zisizoletwa umezipekua lini?"

"Hizo ni za marehemu, shangazi."

Wenzake wote wanne kikaoni walicheka. Kura ikawekwa Ijumaa. Stoyanka hakutaja ahadi. Angesemaje, kwamba alimwahidi mtu aliye kaburini, kwenye simu, bila shahidi? Wangesema bibi amechoka. Kwanza alitaka kujua kama programu ya Tanyo ingali hai, na Alhamisi akapanda basi kwenda kijijini kwake.

Nedyalka, bintiye Tanyo, alimpokea mlangoni akiwa na aproni yenye unga, akamsikiliza akijitaja jina.

"Wewe ndiye baba aliyekuwa akimtumia jemu?"

"Ndimi. Mashine ya baba bado inafanya kazi?"

"Imekufa kipupwe hiki. Nimeagiza nyingine, inakuja na Izvor mpya. Programu ni ileile ya baba. Mimi sijui hata mstari mmoja, mama, naomba Mungu tu."

Stoyanka alivaa miwani akafungua nakala yake ya karatasi. Juu kabisa, mahali mtu anapoandika mambo ya kusomwa na watu na si mashine, Tanyo alikuwa ameandika: "Neno SUBIRI nimepewa na Stoyanka wa Plovdiv. Msilibadilishe. Ameahidi." Stoyanka alilia bila kujificha. Nedyalka akajifanya anatafuta sukari.

Ijumaa aliisoma mistari hiyo mbele ya wenzake. Lyuben alijibu kwa upole, na hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Shangazi, ni programu moja. Nitamwendea binti yake mimi mwenyewe, nitabadilisha neno kwa dakika tano."

"Tanyo namjua kwa sababu nilimkosea. Nisiowajua utawaendea kwa basi gani?"

Kijana alikuna kichwa. "Na bomba likipasuka?"

"Lisipasuke. Tenga 'subirizamu'. Ni refu, ni baya, hakuna mwenye akili aliyewahi kuita kitu chake hivyo."

"Vijana watatucheka."

"Wacheke. Waridi halitachacha."

Mikono mitatu ya wenzake iliinuka kukubali. Wa Lyuben haukuwamo, na Stoyanka hakumlaumu.

Wiki yake ya mwisho kazini, orodha mpya ya maneno yaliyotengwa ilitoka, imeandikwa na Lyuben. Stoyanka aliisoma kwa kidole, neno baada ya neno, akitafuta kosa. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao hakuuomba: "Neno 'subiri' lisitengwe kamwe, hata na yeyote atakayekuja baada yetu. Lina mwenyewe, na huenda lina wengine tusiowajua."

Aliusoma mara mbili. Yeye alikuwa ameahidi maadamu yu hai tu, na kwa miaka hiyo yote aliogopa kufa kwa sababu ya neno moja. Alivua miwani, akaitia mkobani, akampa Lyuben funguo za kabati.