Maharage Mia kwa Farasi Kipenzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa niinue mguu wa nyuma wa farasi, nikakataa. Nilikuwa kijana wa Kiiraqw niliyekulia na punda wa baba yangu, wale wa kupeleka mahindi mashineni, na punda walikuwa wamenifundisha mapema kwamba mguu wa nyuma si wa kuchezea. Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye shamba moja kubwa la ngano na kahawa juu ya Karatu, upande wa kupandia Oldeani. Meneja alisimama mlangoni mwa banda, fimbo kwapani. Akamwambia mzee aliyekuwa ndani, "Bura, huyu ni mwoga. Mrudishe kwao."

Mzee Bura akajibu bila kugeuka, "Mwoga anafaa, Bwana. Jasiri ndiye anayepigwa teke."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya usaisi. Saisi ni mtunza farasi, na ninyi vijana wa leo mnaoona farasi kwenye picha tu, msidhani ni kazi ya kubeba mavi. Mzee Bura alinifundisha kusimama bega kwa bega na mnyama, kushusha kiganja mguuni taratibu na kubinya kidogo juu ya ukwato, naye anauinua mwenyewe. Nilijifunza kupiga nali, yaani vile vyuma vya kwatoni, bila kugusa nyama. Nilijifunza kupasha moto lijamu, chuma cha mdomoni, kwa viganja vyangu asubuhi za Juni, maana baridi ya kwetu hugandisha ulimi wa mnyama. Na kila siku Mzee Bura alirudia neno moja kuhusu maji: farasi anayekwenda kukimbia hapewi ndoo nzima. Tumbo likijaa maji, miguu inakuwa ya mtu mwingine.

Farasi wale hawakuwa wa kulimia. Walikuwa wa mashindano. Jumapili ya mwisho wa mwezi, mvua isipozuia, mashamba matatu ya jirani yalileta farasi wao, wageni wakateremka kwa magari kutoka hoteli za ukingo wa kreta, na mbio nne zikakimbiwa kuzunguka shamba la ngano lililokwisha vunwa. Wageni walikaa kwenye viti vya turubai. Sisi wafanyakazi tulisimama nyuma ya kamba.

Kati ya kamba na viti alisimama Karani Mkuu na ubao wake. Alikuwa mtu wa kuja, mnene, nadhifu, mzee wa kanisa. Aliandika kwa chaki majina ya farasi, na kando ya kila jina kiasi utakacholipwa ukishinda; ukishindwa, dau lako lilibaki kwake. Farasi ambaye wengi walimtegemea aliitwa kipenzi, na malipo yake yalikuwa madogo: ukiweka shilingi mbili unarudishiwa mbili zako na mbili za juu, na siku nyingine nyongeza ilikuwa moja tu. Farasi wa kupuuzwa alilipa hata mara kumi. Kila mwezi Karani Mkuu alituhubiria sisi wa nyuma ya kamba.

"Ndugu zangu, msihangaike. Mwekee kipenzi kila mbio, dau lile lile, usibadilishe. Utakosa leo, utapata kesho. Kipenzi hamtupi mtu."

Tulimwamini kwa sababu tuliona kwa macho. Kipenzi alishinda mara nyingi kuliko farasi mwingine yeyote. Aliyemwamini kuliko wote alikuwa mwenzangu bandani, Tluway, tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja na kulala naye chumba kimoja mpaka alipooa. Tluway alikuwa na ndoto ya shamba la vitunguu Mang'ola, penye maji ya mfereji, na aliona mshahara wetu hautamfikisha huko hata akiwa na mvi.

Mzee Bura ndiye aliyetuzuia kwanza. "Dawa mpya ya ng'ombe haijaribiwi kwa zizi zima," alisema. "Hilo somo la karani lijaribuni kwa kitu ambacho kikipotea hamlali njaa."

Tukachukua kopo la mafuta ya kupikia, tukahesabu maharage mia moja ndani yake, tukaliweka chumba cha matandiko ya farasi. Kila mbio tuliweka maharage mawili kwa kipenzi. Akishinda, tuliongeza koponi kama ubao ulivyosema. Akishindwa, mawili yaliingia kwenye chungu cha Mzee Bura. Jumapili ya kwanza kipenzi alishinda mbio mbili kati ya nne, tukawa pale pale. Jumapili ya pili alishinda tatu, na Tluway akacheka mpaka farasi wakashtuka.

Lakini mimi niliendelea kuhesabu. Kwa kila mbio kumi, kipenzi alishinda kama nne. Nne ni nyingi, ndizo watu walizokuwa wakisimuliana kilabuni. Ila nne zilituletea maharage manane au pungufu, na sita alizoshindwa zilitutoa kumi na mawili. Kopo halikupungua kwa kishindo. Lilipungua kama maziwa ya ng'ombe wakati wa kiangazi, leo huoni tofauti na jana. Mwaka ulipoisha yalibaki sabini na tisa. Wa pili, hamsini na nane. Na hakuna Jumapili hata moja tuliyotoka pale tukijiona wajinga.

Tluway akasema kosa ni kutobadilisha dau. Ukipoteza mawili, weka manne, kisha manane, kwa kuwa kipenzi hawezi kushindwa milele. Tukahesabu mia nyingine. Kwa Jumapili tatu za mashindano kopo lilipanda hadi mia na kumi, akaanza kuniita mwoga. Kisha vipenzi watano wakashindwa mfululizo: mawili, manne, manane, kumi na sita, thelathini na mawili. Dau la sita lilitaka sitini na manne, na koponi yalikuwamo arobaini na nane.

"Sasa unaona," nilimwambia.

"Maharage hayajui farasi," alijibu. "Mimi najua farasi."

Niliwaonyesha wafanyakazi wengine lile kopo. Baada ya wiki niliitwa ofisini. Meneja alikuwa amekaa, Karani Mkuu amesimama nyuma yake.

"Nasikia umekuwa mwalimu wa hesabu," alisema Meneja.

"Nimehesabu maharage tu, Bwana."

"Umeajiriwa kwa ajili ya kwato. Ukitaka kuhesabu, kahesabu kwenu."

Karani Mkuu akanisindikiza hadi mlangoni na kunishika bega kama baba. "Kijana, umesema kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Kwani ni nani aliyekutuma kuisema?"

Nimezeeka na maneno yale yananikaba hadi leo. Alijua. Alijua kabla yangu, na kila mwezi alisimama mbele ya watu waliovaa viraka akawaita ndugu.

Kisha mpaka na Kenya ukafungwa, na wageni wakakauka. Viti vya turubai vikabaki vitupu, lakini ubao haukuondolewa. Sasa ulikuwa unakula kwetu peke yetu. Mzee Bura alikuwa amekwisha rudi kwake kwa maradhi ya kifua, na mimi ndiye niliyeshika banda. Kipenzi wa miezi ile alikuwa Jivu, farasi wa kijivu niliyemlea tangu akiwa mtoto, ambaye mashamba yote matatu hayakuwa na wa kumfikia.

Jumapili moja, kabla ya mbio ya mwisho, Karani Mkuu alikuja bandani mwenyewe. Hakuwa na kawaida hiyo, viatu vyake vilikuwa vya kanisani.

"Jivu ana joto. Mpe maji."

"Bado hajakimbia, Bwana Karani."

"Ndoo nzima. Meneja amesema."

Nilijua maana yake. Sitajificha nyuma ya ujana wangu. Nilikuwa na mke na mtoto kwenye nyumba ya shamba, na nilijua wanaokataa huondolewa kabla jua halijazama. Nikajaza ndoo, nikamshikia. Jivu alinywa yote kwa sababu aliniamini, akaniegemezea kichwa kifuani. Alitoka wa nne.

Nilipokuwa nikimtembeza jasho likauke, nilimwona Tluway ameketi chini nyuma ya kamba, watu wakimruka kwa miguu. Mtu mmoja akaniambia kwamba alikuwa ameuza mitamba miwili, akaiweka pesa yote kwa Jivu. Mitamba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Elizabeti, aliyopewa na baba yake siku ya kuolewa.

Jioni ile nilimfuata Karani Mkuu nyumbani kwake. Alikuwa akila. Nilimwambia amemwibia mtu.

"Mimi sikumshika mtu mkono," alisema. "Na ndoo sikuishika mimi."

Nilitamani kumpiga. Sikumpiga, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na hakuna kitu kinachochoma kama ukweli kinywani mwa mwizi. Jambo jingine lilinichoma zaidi: hakuhitaji hata ile ndoo. Maharage yalikuwa yanapungua bila maji ya mtu yeyote. Angengoja miaka michache angekula mitamba ile kwa halali ya ubao wake. Aliona ni kuchelewa.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi. Tluway alikuwa amekwisha hama na mkewe kwenda Mang'ola kulima vibarua kwenye vitunguu vya watu. Nikapanda lori la wachuuzi, nikamkuta ndani ya mfereji, tope magotini, akizibua maji kwa jembe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama ukingoni. Elizabeti alikuwa hatua chache tu, akipandikiza miche, akasikia kila neno.

Tluway aliuliza, "Ulijua nimeweka dau?"

"Sikujua."

"Ungejua, ungefanyaje?"

Nikayatazama maji. Akaniangalia, kisha akanisogezea jembe la pili. "Ingia," alisema. Tulifanya kazi hadi jua likaingia nyuma ya ziwa la huko, hatukuzungumza tena habari hiyo. Elizabeti aliendelea kupandikiza.

Baadaye nilipata kazi idara ya mifugo, nikapangiwa josho la Endulen, lile shimo la dawa wanamoogeshwa ng'ombe kuua kupe. Bwana Mifugo wa kwanza alikuwa mwadilifu. Wa pili aliniamuru nipunguze dawa na kuongeza maji, nyingine ipate njia ya kwenda sokoni. "Wamasai hawataona tofauti," alisema. Nilimwambia wataiona ng'ombe wakianza kufa, na mimi sichanganyi. Akanihamishia Piyaya, nikachanje ng'ombe kwa miguu bila nyumba wala baiskeli. Nilikaa huko miaka mingi, na sikuijutia hata siku moja.

Farasi wa shamba wengi walikufa kwa tauni yao msimu mmoja wa mvua, Jivu akiwamo. Meneja akaondoka nchini. Karani Mkuu alijenga nyumba ya matofali Karatu, akazeeka akisalimiwa kwa heshima, akazikwa kwa kwaya mbili. Nilisimama nje ya uzio siku ile, sikuvua kofia.

Sasa nimestaafu. Nikienda mjini Karatu kuchukua pensheni nawaona vijana, madereva na wabeba mizigo wa watalii, wameinamia simu wakipanga mikeka yao, zile kamari za mechi za mpira. Nikiwauliza wanachagua vipi, wanajibu, "Mzee, tunaweka timu kubwa tu. Kubwa haifungwi na ndogo." Wanaonionyesha wameshinda ni wengi, na nguo zao hazibadiliki. Wananiona mzee mkali. Ni kweli, mimi ni mkali. Aliyeandika zile namba za malipo kwenye simu anajua wanachokijua vijana hawa na anajua wasichokijua, na anawaita mabingwa. Siombi radhi kwa hasira yangu. Naomba radhi kwa miaka niliyonyamaza.

Tluway alifariki mwaka jana. Alikuwa amepata eka yake mwishowe, baada ya miaka mingi ya vibarua, mgongo umepinda. Nilikwenda kuzika. Baada ya watu kutawanyika nilimfuata Elizabeti jikoni, nikampa pole, nikamwambia kwamba mumewe hakuwahi kunilaumu.

"Najua, shemeji," alisema, akiendelea kupakua. "Yeye alikusamehe siku ile ile mferejini. Mimi bado."

Nikamwambia ana haki. Akanipa sahani, nikakaa nikala.