Jumba la Mfalme Lililobandikwa Juu Chini

Gundi ya unga wa ngano ikichemka hunukia kama uji ulioanza kuungua, na hadi leo nikiinusa hasira hunipanda. Miaka ya sabini, katika mtaa wetu wa mabanda wa Laini Saba, kila Desemba mama alipika sufuria nzima, tukabandika magazeti makuukuu kwenye ukuta wa udongo ili kuzuia vumbi na baridi. Mwaka mmoja alileta gazeti la picha kutoka kwenye nyumba alikokuwa kibarua wa kufua. Ukurasa mmoja ulikuwa na magofu ya jumba la wafalme wa Uajemi wa kale: ngazi pana za mawe, watu waliochongwa wakimpelekea mfalme zawadi, na nguzo ndefu zimesimama juani. Nilimsomea mama kwamba adui aliliteketeza. Akaikazia macho ile picha. "Nyumba gani hii haina paa? Wewe Nekesa, usiniletee mkosi hapa!" Akaugeuza ukurasa juu chini, ile sakafu ya mawe ikawa dari, akaupaka gundi. "Sasa watu wanaweza kulala." Nililia, maana nililipenda lile jumba. Wapi! Nikabaki kulitazama kwa kupinda shingo kitandani.

Mvua ya Aprili ilipoanza, mwenye ploti tuliyopanga aliiuza bila kutuambia. Asubuhi moja tukinywa chai, vijana wa kukodiwa wakafika na mitaimbo. Mama aliwasihi wangoje tutoe vyombo. "Mathe, toka hapo, sisi tumetumwa," mmoja akamjibu. Mabati yalishuka kwanza, kisha udongo, zikabaki nguzo za miti zimesimama bila kitu juu yake. Mama akaokota kipande cha ule ukurasa matopeni, akanipa. "Haya, sasa kibandike unavyotaka." Hakulia. Nililia mimi, na matusi niliyowatupia wale vijana siwezi kuyaandika hapa.

Mwenye nguvu mpishe, watu husema. Tumpishe twende wapi? Juzi nililiona jumba lile kwenye televisheni: limewekewa walinzi, wageni wanakatazwa kuligusa. Mawe ya wafalme waliokufa zamani hizo! Nikaondoka kwa hasira hadi pale petu Laini Saba, nikakuta ghorofa ya kupangisha. Nilimuuliza bawabu kama anajua ni nani waliokuwa wakiishi hapo zamani.

"Hapa?" akashangaa. "Hapa hapakuwa na kitu, mama."