Fatema Aulizwa Tabia za Haroon

Ukitaka Bi Fatema wa mtaa wa Kuze akufungie dirisha usoni, nenda kamwulize tabia ya jirani yake. Atataka kwanza kujua wewe ni nani, umetumwa na nani, na ya nini. Watu na midomo yao husema huo ni ukali wa mwanamke asiyeolewa. Waache waseme; hawajui mwaka wa arubaini na nane ulimfanyia nini.

Mwaka huo Fatema alikuwa msichana aliyeanza kusemwa kuwa amechelewa. Alishona kofia za nyuzi za dhahabu dirishani kwao, na ng'ambo ya kichochoro alikaa Haroon, mwana wa Adamji, fundi wa makufuli. Haroon alikuwa na haya, Fatema alikuwa na kiburi, basi mapenzi yao yakaishia kwenye salamu. "Hujambo, Fatema?" Neno hilo moja alikaa nalo kutwa, akilirudia moyoni hadi sindano ikamchoma kidole. Alingoja posa. Mficha uchi hazai, wahenga walikwisha sema, lakini binti wa Kuze angejiposa vipi?

Haroon alipofiwa na mama yake, mji ukamshinda. Mjomba wake alikuwa na duka huko Taveta, mahali ambapo simba hupita mlangoni kama mteja, naye alimwita kwa sharti moja: aje na bunduki yenye leseni. Haroon akaenda kuiomba, wala hakumwambia mtu. Siku hizo, kabla ya kupewa bunduki, polisi walikuulizia kwanza kwa wanaokujua. Nawe ndiwe uliyewataja. Haroon alitaja nyumba ya Shirinbai, mama yake Fatema.

Aliyetumwa ni Dishon, polisi wa kutoka bara, mtu mpole. Wakubwa wake walimwambia aende bila sare asije akatisha watu. Shirinbai alikuwa ametoka, kwa hiyo Fatema ndiye aliyeitikia hodi.

"Samahani, dada. Nimetumwa kuuliza habari za jirani yenu Haroon."

Moyo ulimshuka Fatema. Pale mtaani, mtu akija kuulizia kijana mwanamume, basi ametumwa na wazee wa binti, wanaotaka kujua watamkabidhi nani mtoto wao. Na huyu, kwa suruali yake iliyopigwa pasi, hakukosa kuwa karani wa tajiri fulani wa Nairobi.

"Anakunywa pombe?"

"Hanywi."

"Kwao kuna mwenye wazimu?"

"Hakuna." Maswali ya posa haswa!

"Ana hasira? Amewahi kutaka kumdhuru mtu?"

Hilo Fatema alilijua. Alikuwa amemwona Haroon akimrushia mteja nyundo kwa kumtukania mama yake. Ilimkosa kichwa kwa unywele. Hakuna mwingine aliyeona. Aliseme hilo tu, wala si uongo, na harusi ya watu imevunjika na Haroon amebaki. Ulimi ulimwasha. Alimtaka Haroon, jamani, alimtaka kama mgonjwa wa homa atakavyo maji. Lakini kumvua nguo mtu wa watu mbele ya mgeni hakuweza.

"Haroon? Hata paka hamfukuzi," alisema. "Atakayempata na amshukuru Mungu."

Dishon hakuelewa vizuri hayo ya kumpata, lakini akashukuru, akaenda zake. Fatema akalia mpaka kofia ya watu ikalowa. Tangu siku hiyo, alipoamkiwa kutoka ng'ambo, alijifanya hasikii.

Siku Haroon alipokuja kuaga, Fatema alisikia sauti yake chini akakimbilia chumba cha ndani, akasema kichwa kinamuuma. Angemtazamaje bwana harusi wa mwingine? Haroon alikaa sana na Shirinbai. Chai yake ikapoa. Mwisho aliondoka, na gari la moshi la alasiri likaondoka naye.

Ndipo Shirinbai alipopanda ngazi, akaketi kitandani kwa mwanawe.

"Kijana wa watu kaenda na huzuni," alisema. "Kaniuliza, 'Fatema anichukia?' Nkamwambia la. Asema aliitaja nyumba yetu makusudi, ili uulizwe wewe, kwa kuwa ndiwe peke yako uliyeiona ile nyundo yake. 'Nilisema moyoni, akitaka nibaki, ataisema. Wakininyima leseni, siendi Taveta, nitaleta posa. Lakini polisi kaniambia hakuna aliyenisifu kama yeye. Basi nimejua hanitaki.' Nami ningemjibu nini, mwanangu? Nalidhani ndivyo utakavyo."

Fatema alimtazama mama yake.

"Polisi gani, mama?"